Mtani wa Baba Amemsalimia kwa Heshima

Meli ya Ijumaa ya visiwa vya nje haing'oi nanga mpaka mafurushi ya gazeti hili yapakiwe, na sababu si matokeo ya raga wala bei ya mbata, sababu ni ukurasa huu. Nahodha mmoja aliniambia mwenyewe, mkono begani, kwamba mwaka juzi walijaribu kuondoka bila mimi, abiria wakabaki gatini na mizigo yao wakisema hawapandi. Nimepatanisha wakwe walioshikiana mashoka. Kuna mchungaji ambaye mahubiri yake ya Pasaka niliyaandika mimi, ila nimeombwa nisiseme. Kwa hiyo mkichelewa kujibiwa msinung'unike. Hii ya leo nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu kwa sababu ina Jumamosi ndani yake, na Jumamosi ni kesho.

*

Mpendwa Mjomba Kaliova,

Naomba unisaidie, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana ndiyo siku ya boti, na tafadhali usiandike jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu na hakuna anayejua isipokuwa mwanamke mmoja wa kisiwa cha pili, naye analia kuliko mimi.

Baba yangu ni Mzee Inoke wa Nasevukai, ana miaka sabini na minne, na mtani wake ni Mzee Taniela wa Vatukalia, saa mbili na nusu kwa boti la injini kama bahari imelala, na wewe Mjomba unajua kwamba Nasevukai na Vatukalia ni watani tangu mababu, wao wakija kwetu wanabeba kuku na mikeka bila kuomba, sisi tukienda kwao tunabeba hivyo hivyo, na hakuna wa kukasirika, kwa sababu mtani akikasirika amejitoa mwenyewe. Lakini hawa wawili wamepita kiasi. Wametukanana kila asubuhi kwa miaka arobaini na mmoja. Zamani walitukanana kwa barua alizobeba nahodha, nahodha akizifungua njiani na kuwasomea mabaharia, halafu wakatukanana kwa salamu za redio mpaka mtangazaji akawaomba wapunguze kidogo kwa sababu ya watoto, na simu zilipokuja tukawaweka kwenye Lali, ile programu ya ujumbe ya vijana wa mjini Suva, inayolia kama lali yenyewe, ngoma ya gogo tunayoipiga kuita watu kanisani, kwa hiyo saa kumi na mbili kila asubuhi lali inalia chini ya mto wa baba, naye ananiita nimsomee maana macho yake yameshagombana na herufi ndogo.

"Vase! Anasemaje yule mbuzi?"

"Anasema, 'Amka, wewe kisigino kilichopasuka. Jua la huku limekataa kuchomoza, linasema limekuona upande huo.'"

Baba anacheka mpaka anashika ubavu, kisha anasema andika, "Mimi nimeamka tangu jogoo wa kwanza. Jogoo mwenyewe ni wako, nilimchukua Krismasi, anakusalimia kutoka kwenye supu." Ndipo anapokunywa chai. Bila hilo hanywi.

Sasa dhambi yangu. Januari kampuni ya simu ilileta ile programu kubwa ya nje, wakasema ukiitumia hiyo bando haliliwi hata kidogo, ila Lali inakula bando kama kawaida, na wewe mwenyewe Mjomba, nisamehe kukukumbusha, uliandika hapa kwenye ukurasa huu kwamba bure ni bure na anayelipia kinachogawiwa ana matatizo mengine, nikakikata kipande hicho nikakibandika ukutani pale duka la ushirika, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kundi la vijiji vyote viwili, watu mia mbili na kumi, niliwahamisha wote ndani ya juma moja, na nikajisifu kwamba nimewahamisha. Baba hakutaka. Alisema hii mpya inalia kama kijiko kilichoanguka. Lakini akazoea.

Kila mwaka kabla ya Pasaka Mzee Taniela huja kufyeka makaburi ya ukoo wetu, hiyo ni kazi ya mtani, kwa hiyo mwaka huu naye akaandika kama anavyoandika siku zote, "Nakuja Jumamosi na panga. Chagua mwenyewe nianzie wapi, ingawa popote nitakapokukata ni mfupa mtupu." Baba akacheka, tukamjibu kwamba panga lake ni butu kama akili zake, tukalala. Kesho yake kimya. Mashine ya ile programu ilikuwa imeyasoma maneno yale, sijui ilijifunza wapi lugha yetu, ikamfungia Mzee Taniela siku tisini kwa kutishia kuua, na ikamtumia baba namba ya msaada kwa watu wanaoishi na mtu mkatili. Baba akauliza mkatili ni nani. Nikamwambia mashine imekosea nyumba. Na ile Jumamosi bahari ikachafuka, na Jumamosi iliyofuata Mzee Taniela akateguka kifundo cha mguu, kwa hiyo hakuja. Kumpigia haiwezekani, masikio yake yamekufa yote mawili, ukimpigia anakuhubiria habari zake kisha anakata.

Mkwewe, Sereana, mke wa mwanawe wa kwanza, ndiye aliyekuwa akimwandikia. Huyu akafungua akaunti mpya kwa jina la mzee, lakini programu ikamwonya kwamba yakitokea tena itafungwa hii pamoja na ya kwake anayouzia mikeka, na yeye anakula kwa mikeka hiyo, akaogopa. Basi mzee akimtamkia tusi anaandika kwenye daftari ili mzee aone kalamu inatembea aridhike, halafu kwenye simu anabonyeza jibu lile ambalo programu yenyewe humwekea tayari pale chini. Mimi sikujua. Nilisikia tu kijiko kimeanguka, nikafurahi, nikakimbilia kwa baba na simu.

"Anasemaje yule mbuzi?"

"Anasema, 'Habari za asubuhi, Bwana Inoke. Natumaini umeamka salama. Nathamini sana urafiki wetu.'"

"Soma tena."

Nikasoma.

"Bwana nani?"

"Bwana Inoke."

"Mimi?"

"Wewe, Baba."

Akavua kofia. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, Mjomba, na akavua kofia. Kisha akasema, "Nimemfanya nini Taniela?"

Siku ya pili ikaja, "Nakutakia siku yenye baraka." Siku ya tatu ikaja na picha ya ua. Baba aliliangalia lile ua kwa muda mrefu, akaniuliza ni ua la msiba au la kawaida. Nilimwambia kwa kubahatisha, Baba, ni mashine inaandika, si Taniela, akasema mashine haiwezi kumjua Inoke, nikasema inamjua, akasema, "Unamtetea kwa sababu una moyo mzuri. Andika, 'Nami nakushukuru, mheshimiwa.'" Mkono wangu ulitetemeka lakini nikaandika.

Nilipomwuliza Sereana, ndipo akaniambia yote kwa kilio. Na upande wake ni mbaya zaidi, kwa sababu yale maneno ya heshima ya baba hawezi kumsomea mkwewe, kwa hiyo anambunia matusi, anayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na Sereana ni mwalimu wa shule ya Jumapili, tusi kubwa alilowahi kubuni ni "wewe ni mtu mbaya." Mzee Taniela aliisoma karatasi hiyo akainamisha kichwa. Akasema, "Inoke anaumwa. Huyu anakufa na wananificha." Sereana amenihimiza nisiseme, anasema mkwewe akijua kwamba mke wa mwanawe amemwandikia mtani wake maua kwa jina lake, yeye Sereana kwa aibu hatakanyaga tena chumba anacholala mzee mpaka afe.

Sasa baba ameshusha sanduku. Ametoa tabua, jino pekee la nyangumi tulilobakiwa nalo, lilelile alilompelekea babu alipomposa mama, nalo baadaye likarudi kwetu, amelipaka mafuta ya nazi na kulisukia kamba mpya, na Jumamosi anamtuma kaka yangu Vatukalia akapige magoti mbele ya Mzee Taniela na wazee wote, aombe msamaha rasmi kwa kosa ambalo baba mwenyewe halijui. Na wewe unajua na mimi najua, jino la msamaha likishapokelewa utani umekwisha, maana kuombwa msamaha ni kukubali kwamba uliumia, na mtani haumii. Watabaki kusalimiana vizuri tu mpaka kaburini. Na baba hali. Jana nimempikia majani ya magimbi kwa tui na samaki wa kopo, akasema asante. Hajawahi kuniambia asante kwa samaki wa kopo.

Nikisema kila kitu ninamwangamiza Sereana, na baba atajua aliyewahamisha watu na kuleta balaa ni bintiye aliyejisifu. Nikinyamaza jino linaondoka. Nifanye nini, Mjomba? Na hilo kundi, nilirudishe Lali? Vijana wale wamebaki wawili, wanasema watu wasiporudi wanazima mwezi wa sita.

Ni mimi, Mwenye Majuto, Nasevukai.

*

Mwenye Majuto,

Nasevukai ina nyumba thelathini na moja, na umemtaja baba yako kwa jina, umri na samaki aliopikiwa. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Aliyelisema ni baba yako, sikuweza kumkatiza. Basi, Vase, kaa chini.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu nikianza kugomba huwa nasahau. Mzee anayevua kofia kwa sababu ameambiwa habari za asubuhi si jambo la kuchekwa, na mtu yeyote atakayecheka akisoma barua hii kwenye meli, nimewaomba mabaharia wamwangalie.

Sasa, kile kipande changu ulichobandika dukani, kibandue. Niliyaandika yale kuwapima wasomaji. Wasomaji maelfu walifaulu kwa kuyapuuza. Wewe ulifeli, lakini ulifeli kwa bidii, ukaenda na watu mia mbili na kumi, na bidii hiyo tutaihitaji.

Mambo haya ya mashine mimi sikuanza kuyajua jana. Nilisoma mpaka darasa la sita, la saba nililitazama kupitia dirishani, na bado wale vijana wa Lali walipoanza walikuja kwangu. Programu yao walikuwa wameipa jina la herufi na tarakimu, kama nambari ya gari. Nikawaambia, wanangu, ipeni jina la kitu kinachosikika. Wao siku hizi wanasema hawanikumbuki. Vijana wana mengi vichwani.

Unaniuliza turudi au tusirudi. Nitakujibu kwa mkate. Mtaani kwangu palikuwa na mwoka mikate, Bwana Dharmendra, tanuri lake lilikuwa nyuma ya kituo cha basi na wewe mwenyewe ukipita ulijua saa kwa harufu. Likaja duka kubwa lenye milango inayojifungua yenyewe. Likauza mkate nusu ya bei ya Dharmendra, miezi minane mfululizo, hasara tupu, na halikuona taabu kwa sababu lilikuwa na maduka mengine huko liliko. Sote tulihamia. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kiyoyozi tu. Dharmendra akazima tanuri mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi mkate wa duka kubwa ukapanda bei na kupungua urefu, na ukilalamika unapewa namba ya kupiga, na ukiipiga inakupigia muziki. Dharmendra ukimwambia mkate wako una chumvi nyingi, alikujibu kwamba mdomo wako ndio una maneno mengi. Lakini kesho yake chumvi ilikuwa imepungua.

Umeelewa? Ile programu haikuishinda Lali kwa uzuri. Njia ya kwenda kwake ilifagiliwa na kampuni ya simu, na njia ya kwenda Lali ikawekewa mtoza ushuru, halafu tukaambiwa watu wamechagua. Mimi ukinipangia mbio na mtu aliyefungwa miguu nitamshinda pia, na umri huu wangu, na goti hili. Na akishatoka yule mwenye kamba miguuni, mwenye uwanja hana sababu tena ya kunisikiliza mimi wala wewe wala baba yako.

Sisemi watu wale wa nje ni wabaya. Wabaya ningewajua, nimekutana na wabaya wa kila aina, mmoja nilimkamata baharini kwa mikono mitupu. Nasema tu kwamba mashine iliyotengenezwa na watu ambao hawajawahi kuibiwa kuku na mtu wanayempenda haiwezi kujua panga la Mzee Taniela lilikuwa linakwenda wapi. Kwao huko mtu akiandikiwa "nathamini urafiki wetu" anafurahi, na wana haki ya kufurahi. Kwetu ni taarifa ya kifo. Mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ila ilikuwa ikifanya kazi hiyo kwenye nyumba ya watu wengine.

Na usidhani matusi ni mchezo. Mwaka wa kimbunga kile, ambacho mimi nilikiona kikija kabla ya redio, mtani mmoja wa kwetu, marehemu sasa, kwa kisukari lakini, alikuwa juu ya mnazi akiangua madafu na hasikii la mtu. Mkewe alimwita kwa upole. Katekista alimwita kwa upole. Alisema namalizia haya mawili. Nikasimama chini ya mti nikamtukana, tusi moja tu, refu, lilianzia kwa babu yake na kuishia kwenye magoti yake. Alicheka mpaka mikono ikaachia. Akaangukia zizi la nguruwe, mzima, na dakika tatu baadaye ule mnazi uling'oka, mara ya mwisho ulionekana ukipita juu ya kisiwa cha Koro. Upole ungemuua yule mtu.

Sasa nakugombeza. Umeniandikia mashine, mashine, mashine. Hesabu vizuri. Mashine ilimfungia mzee mmoja siku tisini, basi. Aliyebonyeza ua ni Sereana. Aliyebuni "wewe ni mtu mbaya" ni Sereana. Aliyeandika "mheshimiwa" huku mkono unatetemeka ni wewe, ulikuwa na mkono mwingine mzima, ungeweza kuutupa ule ujumbe. Wazee wawili wamewapa ninyi maneno yao myabebe, mmoja akapokea heshima ambayo hakutumiwa na mwingine tusi ambalo hakutukanwa, na mmoja anadhani amemkosea mwenzake, mwingine anadhani mwenzake anakufa. Mnaogopa kuaibika. Aibu mmeshaipata, kilichobaki ni kuiweka mezani.

Nisikilize, na usichague, fanya yote.

Gazeti hili linakufikia Ijumaa jioni. Palepale unapolisoma, mwandikie Sereana, kwa Lali, nunua bando, acha ubahili. Mwambie apige picha kurasa zote za lile daftari. Matusi ya Mzee Taniela yamo humo, siku zote hizo, yameandikwa kwa mwandiko wa mwalimu wa shule ya Jumapili na hayajafika. Kisha kaa karibu na baba yako na umsomee. Anza na siku ya ile "Bwana Inoke." Mwambie hivi, "Baba, asubuhi ile Taniela alisema hivi," na usome. Usiruke la aibu, usiruke lile la marehemu mama yako ambalo najua limo, usitafsiri, usipunguze. Akikuuliza ni nani aliyebadilisha, sema ni Sereana kwa woga na mimi kwa kujisifu. Sema jina lako wewe mwisho, likae zaidi masikioni. Akisema "soma tena," kazi imekwisha.

Jino lirudi kwenye sanduku. Usilifiche wala usiligombanie, atalirudisha mwenyewe, na asiporudisha mwambie Kaliova amekataza. Wapo machifu waliorudisha meno yao kwa neno langu.

Jumamosi kaka yako asipande boti. Apande baba yako. Mfunge koti la mvua, mkalishe katikati, mpe panga lake. Mkifika asibishe hodi. Aingie, asisalimie mtu, akichukue kilicho kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba ile, kama ni jiko la gesi abebe jiko la gesi, hata chai ikiwa juu yake, atoke nalo mpaka uani. Mzee Taniela hasikii lakini anaona. Akimwona Inoke anaondoka na jiko lake atajua kwamba haumwi.

Hapo ndipo Sereana aseme, mbele ya wote wawili, kwa maandishi makubwa kwa ajili ya mkwewe. Najua mkwe hasemi ovyo mbele ya baba mkwe. Aandike, ameketi chini, ameinamisha kichwa, adabu yote iwepo. Watamtukana. Watamwita mwuza maua mpaka mwaka uishe, na wajukuu wataambiwa, na siku atakapokufa watani watamletea ua na kucheka makaburini. Mwambie asiogope hilo. Aogope siku watakayomjibu kwa upole.

Kuhusu kundi, uliwahamisha watu mia mbili na kumi kwa juma moja kwenda, utawahamisha kwa juma moja kurudi. Watasema bando. Waambie wanunue kama wanavyonunua sabuni, kwani sabuni nani aliwaahidi bure? Na wewe mwenyewe, ukiwa Suva, nenda ofisini kwa wale vijana wawili. Wako juu ya fundi cherehani, ngazi mbovu, lakini ukigonga mlango anafungua mtu. Mwambie baba yako haoni herufi zao. Mwambie Mzee Taniela anataka simu itikisike zaidi inapolia, maana hasikii. Gomba kabisa, ndiyo raha ya kuwa na mlango wa kugonga. Sereana abaki na ile kubwa kwa mikeka yake, na abonyeze maua kwa wateja mchana kutwa, wateja wanayapenda. Sikukatazi kupita njia iliyofagiliwa. Nakukataza kung'oa daraja lako mwenyewe kwa sababu leo umepewa lifti.

Hayo ndiyo. Usiniandikie kunishukuru, wala usiniletee kuku.

Ningeishia hapa, lakini barua yako nimekaa nayo tangu Jumatatu na kuna jambo ambalo haliniachi nifunge bahasha. Nina mtani wangu mwenyewe, anaitwa Peceli, tumetukanana tangu tukivaa kaptula. Hajaniandikia tangu Oktoba. Nimewaambia watu, sokoni na kanisani, kwamba ile mashine ilimfungia kama ilivyomfungia Mzee Taniela, wakanipa pole nyingi, nikazipokea zote. Haikumfungia. Nilimfungia mimi. Aliandika kwenye kundi letu kwamba mvua ilipotunyeshea Jumapili moja kwenye mazishi, waliokuwa nyuma yangu waliona weusi wa nywele zangu ukiteremka shingoni hadi kwenye kola. Watu mia na themanini walicheka. Nikatafuta kile kitufe, nikakibonyeza, na nikanuna.